"I'm fine" ilivyoniponza: vimaneno vya Kiingereza vya kila siku vyenye maana lukuki

Chai Rangi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Mods msiunganishe uzi huu na zile za "jua Kiingereza ndani ya siku thelathini". Humu hatufundishani, tunacheka na kuulizana.

Kabla sijaingia kwenye kazi ya kutafsiri nilikaa mapokezi miaka minne, nyumba ya wageni moja Moshi. Wateja wetu wengi walikuwa wapanda mlima. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, na divisheni yangu si lazima muijue. Wiki ya kwanza kazini akashuka mzee mmoja Mwingereza kutoka Kibo, midomo imepasuka kwa baridi, magoti hayamtaki kabisa. Nikamuuliza kama atapenda chai. Akajibu, "I'm fine, thanks."

Mimi nilichosikia ni: niko salama, asante. Nikafurahi kwamba yuko salama, nikammiminia chai, sukari vijiko vitatu. Mzee akaitazama ile chai, akanitazama mimi, akainywa. Asubuhi tukarudia: yeye "I'm fine", mimi na birika. Siku ya tatu meneja akanivuta pembeni: "Yule mzee anasema hataki chai, mbona unamlazimisha?"

Kumbe "I'm fine" ukiulizwa habari ni "sijambo", lakini ukiwa umekaribishwa kitu ni "hapana, nimetosheka". Neno ni lilelile, kaja nalo mtu yuleyule. Shuleni nilifundishwa moja tu, ile ya "How are you? I am fine, thank you, teacher", darasa zima kwa sauti kama kwaya.

Baadaye nikalifuatilia hilo neno kwa hasira. Mzizi wake ni Kilatini, "finis", yaani mwisho. Kitu kilichofikishwa mwisho wake ni kitu kilichokamilika, ndiyo ile "fine" ya uzuri. Hela unayotoa ili shauri liishe nayo ikaitwa "fine". Sisi tukaichukua hii ya pili tukaiita faini, halafu kwa mlango mwingine tukamchukua ndugu yake, fainali. Ukipigwa faini na trafiki ukiwa njiani kwenda kuangalia fainali, umekutana na ukoo mmoja mara mbili kwa siku moja. Wenyewe Waingereza wana mzaha wa zamani juu ya kibao kinachosema "Fine for parking": mtu anasoma kwamba pako vizuri kuegesha, kumbe anaambiwa atatozwa.

Hoja yangu ni hii. Tunaogopa maneno marefu bure. "Photosynthesis" ina maana moja, uliyoikuta kidato cha kwanza ndiyo utakayozikwa nayo. Vinavyotuaibisha ni vile vya herufi tatu nne: run, set, get, put, fine, right. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lililokula nafasi kuliko yote lilikuwa "set", maana kama 430, maelezo yake kama maneno 60,000. Hicho ni kitabu kizima! Waliporudi kuihariri upya, "run" ikalipita: kitenzi peke yake maana 645. Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa watu wanaleta mtoto duniani, yeye kaleta "run".

Na ukitaka kuiona "run" ilivyo, jaribu kuitafsiri. Mtoto ana-run, anakimbia. Pua ina-run, inatoka kamasi. Injini ina-run, imewaka. Kitenge kina-run, kinachuja. Mama ana-run duka, analiendesha. Mheshimiwa ana-run, anagombea. Sukari ime-run out, tumeishiwa. Mimi mfasiri nalipwa kwa neno, na hapo neno moja limenitoa jasho mara saba.

Tiririkeni. Lipi lilikuponza wewe?

Kiti cha Nyuma

Mkuu mimi naona lugha yenyewe mbovu tu. Watu wamekosa maneno wanarudia lilelile. Kiswahili kila neno lina maana yake, ndiyo maana tunaelewana.

Mla Mahamri

Kiti cha Nyuma, mimi niko Mombasa, hebu nikuulize kwa upole. Nasikia jana timu yako imefungwa. Imefungwa vipi ndugu yangu, kwa kamba ama jela?

Kiti cha Nyuma

😂😂 Hapo umenishika.

Mla Mahamri

Bado sijakuachilia. Mwezi wa Ramadhani nafunga. Jioni nafunga duka. Nikipata mke nafunga ndoa. Nikienda Lamu nafunga safari, mzigo wangu nimeufunga, na mkutano wa kamati tumeufunga kwa dua. Na hujanieleza "kaa" ni yupi, yule wa baharini, lile la moto, ama ndio unaniambia niketi. "Meza" je? Mbuzi nikimtaka nimpeleke kwa mchinjaji ama nimkalie nikune nazi? Lugha isiyo na mambo haya haijazaliwa.

Chai Rangi

Mla Mahamri umenitangulia, na umenipa zawadi hata hujui. Nilikuwa naitafuta "funga" kwa sababu ya "fast".

Angalieni. "Fast" kwa Kiingereza ni haraka. Pia ni kufunga kula. Pia "fast asleep" ni kulala fofofo, ambako hakuna haraka yoyote. Rangi ya kitambaa ikiwa "fast" maana yake haichuji. Mtu unaweza kudhani hizo ni takataka zilizokusanywa jaa moja, lakini asili ni moja: neno la zamani lenye maana ya kukaza, kuwa imara. Aliyefunga kula amejikaza. Aliyelala fofofo usingizi umemkaza. Rangi imekaza kwenye uzi. Na anayekimbia kwa kukaza mwendo, si hata sisi tunasema "kaza mwendo"? Ndiyo hiyo haraka.

Sasa sisi na Waingereza hatukukaa kikao, lakini wote kuacha kula tukakuita kwa neno la kukaza na kufunga. Hata chakula cha asubuhi wao ni "breakfast", kuvunja mfungo, na sisi ni kifungua kinywa. Mdomo ulikuwa umefungwa usiku kucha, asubuhi unafunguliwa. Hili jambo nililigundua nikiwa nakula chapati, nikasahau kutafuna.

Mla Mahamri

Mimi yangu ni ya tuktuk. Zamani niliendesha hapa mjini. Nikambeba mama mmoja mtalii anaenda Mji wa Kale, yeye ndiye mwenye ramani kwenye simu. Tukafika njia panda, nikamuuliza, "Left?" Akasema, "Right." Nikakata kulia. Tukajipata nyuma ya foleni ya feri ya Likoni, jua la saa nane, mama ananitazama kama nimemteka nyara. Kumbe alikuwa ananiambia "ndiyo hivyo, kushoto".

Chai Rangi

Hiyo ni kesi ya karne. "Right" mwanzo wake ni kunyooka. Kilichonyooka ni sahihi, kilicho sahihi ni haki yako, na mkono ulionyooka kwa watu wengi ni huu wa kulia. "Left" ya mkono, kwa upande wake, ilitokana na neno lenye maana ya udhaifu. Kwetu nako wazee walisema mkono wa kuume na mkono wa kike, mnaona wenyewe nani alikuwa anapanga majina. Na "kulia" ni mkono wa kulia chakula. Mgeni anayejifunza Kiswahili huwa anatuuliza kwa nini mkono wetu unatoa machozi.

Halafu kuna "left" nyingine, ya kuondoka na ya kubaki. "Three left" inaweza kuwa watatu wameondoka au watatu wamebaki. Bosi akikutumia hivyo kuhusu wafanyakazi, mshahara utaulipa kwa wangapi? Sisi Watanzania tumeshamaliza ubishi, tumechukua ya kuondoka tu: fulani *amelefti* kundi la harusi mara tu mchango ulipotajwa.

Baridi Kali

Wadau mimi niko Uingereza, nahudumia wazee majumbani. Acheni niseme ya kwangu ingawa inaniuma mpaka leo.

Kuna bibi mmoja nilikuwa naenda kwake asubuhi kumsaidia kuoga na dawa. Alikuwa na mbwa mzee sana, miguu ya nyuma imeisha. Jumatatu moja nimefika namkuta bibi analia kwenye kochi. Nikauliza kuna nini. Akasema, "I had to put him down." Mimi kichwani: ilibidi nimweke chini. Nikajua alikuwa amembeba mbwa, kamshinda. Nikamshika bega nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, usilie bibi, alikuwa mzito, ngoja mimi nitamnyanyua. Nikaanza kumtafuta mbwa nyuma ya kochi.

Bibi aliacha kulia. Alinitazama muda mrefu. Kisha akanieleza polepole kwamba alimpeleka kwa daktari wa mifugo akachomwa sindano ya mwisho.

Kiti cha Nyuma

Nimecheka halafu nimejisikia vibaya.

Chai Rangi

Pole Baridi Kali. Hapo ndipo penye jeraha lenyewe. "Put" unaijua, "down" unaijua, ukiziweka pamoja hujui kitu. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia, "put down" ni hiyo ya mbwa na pia ni kumdhalilisha mtu mbele za watu.

Kuna Mwingereza, C. K. Ogden, mwaka 1930 alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, ili dunia nzima ijifunze upesi. Vitenzi akaacha 18 tu: come, get, give, go, put, take na wenzao. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini 18 hao ni walewale wenye maana mia mia! Huwezi kusema "vumilia" kwa neno lake, inabidi useme "put up with". Kwa Mwingereza hilo ni jepesi, alilinyonya na maziwa. Kwa mtu wa Singida ni heri umpe neno refu la Kilatini lenye maana moja alikariri aende zake. Mimi huyo bwana simlaumu kwa nia, namlaumu kwa kudhani neno fupi ni neno rahisi.

Kiswahili kazi hiyo tunaifanya mkiani mwa kitenzi: weka, wekea, wekeza, wekwa, wekeana. Unaona neno limebadilika sura, unajihadhari. Wao sura haibadiliki, kinabadilika kile kidude kinachofuata.

Bushi Kavu

Wakuu, fundi magari hapa, Gerezani. Nilinunua gari mnadani kwa ajili ya kulitengeneza niuze, lina kitabu chake cha Kiingereza. Sehemu ya chini ya gari sikuielewa, nikaipiga picha simu inisomee kwa Kiswahili. Simu ikaniambia, neno kwa neno, "kagua kichaka cha mkono wa chini, kikichakaa badilisha". Nikamwita dogo, njoo usome na wewe nisije nikawa na homa. Chini yake ikasema "kaza karanga".

Nilikaa na spana mkononi nacheka peke yangu. Kichaka ni bushi, kile kipira cha kwenye maungio! Karanga ni nati! Ningekuwa simfahamu mgonjwa wangu ningeenda Kariakoo kununua karanga.

Lakini niwape moja inayofanana. Usukani ukiwa umelegea kitabu kinasema una "play". Simu ikatafsiri "mchezo". Nikataka kucheka, nikajishtukia, mbona sisi wenyewe tunasema usukani *unacheza*?

Chai Rangi

Bushi Kavu nakununulia soda popote ulipo. "Bush" ya kwako na "bush" ya porini ni watu wawili waliogongana majina. Ya gari ilitoka Kiholanzi cha zamani, neno la kisanduku. "Nut" lakini ni mmoja: kile kidude cha chuma kilifananishwa na kokwa.

Na hiyo aibu ya simu ina historia. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mwanafalsafa wa Israel aliyekuwa ameifanyia kazi tafsiri ya mashine tangu mwanzo wake, aliwawekea wenzake mtego mmoja mdogo. Mtoto anatafuta sanduku lake la midoli. Akalipata. "The box was in the pen." Mtu yeyote mwenye mtoto mdogo Ulaya anajua "pen" hapo ni kile kizimba cha kumchezeshea mtoto, maana sanduku haliingii ndani ya kalamu. Mashine inajuaje kwamba sanduku ni kubwa kuliko kalamu? Akasema hakuna programu ya wakati ule iliyoweza, na hakuona njia.

Miaka kumi na moja kabla yake Mmarekani Warren Weaver alikuwa ameshapendekeza njia nyingine. Chukua karatasi uitoboe tundu la neno moja, uiweke juu ya kitabu. Unaona "fast" peke yake, hujui ni haraka au ni mfungo. Sasa panua tundu uone maneno mawili huku na mawili huku. Ukipanua vya kutosha, maana inajitokeza yenyewe. Mashine za leo zinafanya kitu cha ukoo huohuo, tundu lao ni pana sana. Simu ya fundi wetu nadhani ilipewa picha ya mstari mmoja, ikaona kichaka.

Na mimi siku ile Moshi tundu langu lilikuwa dogo. Nilisikia "fine", sikuona birika mkononi mwangu.

Sindano Salama

Nesi hapa. Mgonjwa mmoja kijana, kipimo cha malaria, daktari mgeni akamwambia "It's positive" huku anatabasamu, ndivyo alivyo, anatabasamu muda wote. Kijana akasema "Amen!" akasimama aondoke. Ikabidi nimkimbilie mlangoni na dawa.

Na kile cha "stool sample" mnakijua, ni kinyesi, na "stool" ni kigoda. Kila mwaka wanafunzi wapya wanasimulia eti kuna mgonjwa alileta kigoda maabara. Mimi sijawahi kumwona. Ila najua sisi tunaandika "alete choo", na hakuna hata mmoja aliyekuja na choo.

"Theatre", yaani chumba cha upasuaji, nayo wengi inawasumbua. Ndugu wa mgonjwa anauliza, amepelekwa thieta kuigiza?

Chai Rangi

Sindano Salama, hiyo ya thieta ina haki yake. Zamani upasuaji ulifanyika katikati, wanafunzi wamezunguka kwenye ngazi za mbao kama watazamaji. London ipo moja ya mwaka 1822, juu darini kwenye kanisa la St Thomas', watu wanaitembelea. Watazamaji walishaondoka, jina likabaki.

Kiti cha Nyuma

Swali zito sasa. Kwa nini ni hivi vidogo tu? Kwa nini "photosynthesis" haina maana 645?

Chai Rangi

Kwa sababu haitumwi. Mmarekani George Zipf alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1945: neno likitumika sana, maana zake zinaongezeka. Fikiria panga la nyumbani. Linakata kuni, linafungua dafu, linachimba shimo la mche, likikosekana bisibisi linafunga skrubu. Kisu cha daktari kinakaa kwenye boksi lake. Kwetu panga hilo ni "piga": piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga deki, piga magoti. Hakuna hata mmoja anayepigwa hapo.

"Charge" ni mfano mzuri. Mwanzo ni kupakia mzigo kwenye mkokoteni, basi. Mzigo wa baruti kwenye bunduki, mzigo wa umeme kwenye betri, mzigo wa bei kwa mteja, mzigo wa shitaka kwa mtuhumiwa, mzigo wa kazi kwa mkubwa wa wodi. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza pale mapokezi, "Is there a charge for charging?" Nikamwambia kwa kujiamini, "Yes, the charge is full." Nilidhani anaulizia simu yake.

Bushi Kavu

😂😂😂 Mkuu ulifukuzwa kazi lini?

Mla Mahamri

Mimi nilisikia kuna maneno yao yanajipinga yenyewe. Ni kweli?

Chai Rangi

Yapo, na moja liko bungeni. "To table" hoja kwa Mwingereza ni kuileta mezani ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando isijadiliwe sasa. Churchill ameandika kwenye kumbukumbu zake za vita kwamba maofisa wa pande mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya karatasi moja, Waingereza wanataka "iwe tabled" kwa sababu ni ya haraka, Wamarekani wanakataa kata kata isiwe "tabled" kwa sababu ni muhimu. Wote walitaka kitu kimoja! Bunge letu lilifuata Mwingereza. Ukisoma taarifa zake rasmi utakuta "hati za kuwasilisha mezani", na zikiwasilishwa zimeletwa, hazijatupwa.

Baridi Kali

Chai Rangi, yule mzee wa Kibo aliishia wapi?

Chai Rangi

Alikaa siku tano. Baada ya meneja kunisema sikumpa chai tena, nikawa namsalimia kwa mbali kama tumegombana. Siku ya kuondoka akaomba kitabu cha wageni, akakaa nacho dakika nzima, akaandika mstari mmoja, akanipa mkono, akapanda gari la uwanja wa ndege. Nikakimbilia kusoma.

"The tea was fine."

Nimefanya kazi ya kutafsiri miaka kumi na moja sasa, na huo mstari sijaupatia Kiswahili chake.